Stara ya Nyumba na Mgeni Mwenye Ghasia

Katika miji ya kale ya pwani ya Kenya, tangu Lamu hata Mombasa, wenye nyumba wengi hupangisha vyumba kwa wasafiri, na ijara wanayoipata huwasaidia kulipa karo za watoto na kukarabati kuta ambazo chokaa yake hupukutika kila masika. Biashara hii ni ya halali na ya heshima, lakini inahitilafiana na biashara ya hoteli kwa jambo moja kubwa ambalo aghalabu husahauliwa: mwenye hoteli akisha kuudhiwa na mgeni hufunga daftari lake akaenda kwake, ilhali mwenye nyumba hana pa kwenda, kwa kuwa pale pale penye adha ndipo walipolala wazazi wake, ahali yake na wanawe. Kwa sababu hiyo, shauri la kumkabili mgeni mwenye ghasia ni shauri la stara kabla ya kuwa shauri la fedha, na rai yangu ni kwamba stara hulindwa kwa mapatano kabla ya ufunguo kutolewa, wala si kwa hasira baada ya usiku kuharibika.

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu walilitambua jambo hili na wakalitilia maanani katika ramani zao. Mgeni wa kupita alikomea dakani, kwenye mabaraza ya mawe mbele ya mlango. Na yule aliyestahiki kulala alipewa sabule, chumba cha wageni cha orofani, ambacho aliweza kukifikia pasipo kukatiza misana wala ndani, mahali pa wanawake na pa mambo ya faragha. Leo vyumba vilevile vya ndani ndivyo vinavyopangishwa, mgeni na mwenyeji hukutana kiwandani, yaani uani, wakiwa na taulo mabegani, na mipaka iliyokuwa ikilindwa na majengo haina budi kulindwa kwa maneno.

Yafaa pia kufahamu jinsi sauti inavyosafiri katika nyumba hizi. Ukuta wa matumbawe, wenye unene wa nusu mita hivi, huzuia kelele za chumba cha pili. Lakini kiwanda kiko wazi juu, sakafu zimechukuliwa na boriti za mikoko zinazopitisha kishindo cha kila hatua, na juu darini, chini ya paa la makuti, hakuna ukuta wa kuzuia chochote. Mazungumzo ya kawaida ya watu wanne darini, usiku ambao upepo umetulia, humfikia jirani wa nyumba ya tatu, naye ni mtu wa kuamka alfajiri kwenda msikitini. Mgeni aliyezoea madirisha ya vioo vilivyofungwa hawezi kuyajua haya mpaka aambiwe.

Basi yaandikwe mapatano, na yasizidi ukurasa mmoja, kwa maana maandishi marefu hayasomwi. Humo yatajwe majina na idadi ya watakaolala. Saa ya kimya. Kama mgeni anaruhusiwa kuleta wageni wake, na mwisho wao wa kukaa ni saa ngapi. Hukumu ya pombe na sigara. Mavazi katika sehemu za pamoja. Kiasi cha amana itakayorudishwa iwapo hapana kilichovunjika, nayo itengwe na arubuni ya kushika chumba. Na, lililo muhimu kuliko yote, itakuwaje iwapo sharti litavunjwa. Mgeni apelekewe kabla hajalipa, kisha yasomwe pamoja naye siku ya kuwasili, mwenyeji akimtembeza nyumbani na kumweleza sababu ya kila sharti mahali linapohusika. Mtu hulishika kwa wepesi sharti ambalo sababu yake ameiona kwa macho.

Saa ya kimya si matakwa ya mwenye nyumba peke yake. Kanuni za kelele zilizotungwa Kenya mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa 2 za usiku hadi saa 12 za asubuhi, na katika mitaa ya makazi huweka kikomo cha desibeli 35, kiasi kinachopitwa hata na mazungumzo ya kawaida. Aidha, Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 humtaka anayewapa watalii malazi kwa malipo, hata iwe nyumbani kwake, awe na leseni. Na mwenye leseni huweza kuomba msaada wa serikali bila ya hofu, jambo ambalo mwenye kujificha haliwezi.

Ghasia ikitokea licha ya hayo yote, wajibu wa kwanza ni kutambua chanzo chake, kwani wako wageni wanaokosea kwa kutojua, wako wanaokosea kwa kupuuza, na wako wachache wanaokosea kwa ujeuri. Wa kwanza dawa yake ni kuelezwa, wa pili ni kukumbushwa, na wa tatu ni kuondoka. Anayemtendea asiyejua kama jeuri humgeuza adui, na anayemwelezea jeuri siku tatu mfululizo humpa siku tatu za kuharibu.

Tutwae mfano wa chumba kilichopangishwa kwa watu wawili. Saa 5 za usiku muziki unasikika darini, na mwenye nyumba, bibi wa makamo, anapopanda pamoja na nduguye anakuta watu saba. Hasemi neno mbele ya kundi, anamwita aliyepanga hadi penye ngazi na kumwambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, tulipatana watu wawili, nami naona saba, tulipatana muziki usisikike baada ya saa 2, na sasa ni saa 5. Tafadhali uzime, na wenzio nawaomba waende zao sasa hivi. Kesho mchana wakija kukuona, karibuni." Kisha anasimama pale pale mpaka wa mwisho ateremke. Hakumwita mtu mshenzi wala hakutaja nchi atokayo. Ametaja tendo, ametaja mapatano, ametaja anachotaka na wakati wake, na amemwachia kijana heshima yake mbele ya wenziwe, ambayo ndiyo inayomwezesha kutii. Asubuhi humwandikia ujumbe mfupi wa yaliyopita, ili pawe na ushahidi pasipo ugomvi.

Likirudiwa mara ya pili, mgeni aambiwe kwamba kukaa kwake kumekwisha, apewe saa ya kuondoka mchana, na arudishiwe ijara ya siku ambazo hakulala. Wengi huona uchungu kurudisha fedha kwa aliyewaudhi, lakini heri nusu ya shari kuliko shari kamili: siku mbili za ijara ni gharama ndogo kuliko kesi, kitasa kilichovunjwa au uhasama wa jirani wa miaka thelathini.

Kuna mambo ambayo mwenye nyumba asiyafanye hata akiwa na haki. Asizuie pasipoti ya mgeni, maana hiyo ni mali ya serikali iliyoitoa. Asitupe mizigo nje. Asimfungie mtu mlango usiku wa manane. Wala asiweke kamera chumbani au chooni, kwani Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu, na mgeni yumo. Pakiwa na vitisho, silaha au ulevi wa kupigana, asiende kujadiliana. Awakusanye wa nyumbani mahali pa salama na apige simu ya polisi, 999 au 112. Fauka ya hayo, asidhani kwamba aliyekaa kwa miezi na kulipa kodi ya mwezi ni mgeni vilevile. Huyo amekuwa mpangaji, na makazi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi yana baraza lake la kisheria, ambalo amri yake hutangulia kabla ya kumtoa.

Wenye nyumba wenzangu, ukarimu wa watu wa pwani hautapungua kwa kuwekewa masharti, wala mgeni muungwana hataudhika kwa kuyasoma. Kinachouharibu ni kunyamaza mpaka kifua kijae, kisha kulipuka. Andikeni mapatano yenu sasa, kabla ya mgeni ajaye kubisha hodi, na mtu yeyote asiyekubali kuyatia sahihi asipewe ufunguo.