Sindano si Chanjo: Swali Linalokosewa Hospitalini

Sisi tunaofundisha isimu huwaambia wanafunzi wetu kwamba neno moja laweza kubeba maana mbili, na kwamba watu wawili waweza kuagana kwa furaha, kila mmoja akiamini ameelewana na mwenzake, kumbe wamepishana njia. Kwa miaka mingi nilidhani hilo ni jambo la ubaoni na la mitihani. Usiku mmoja mjini Isiolo ulinifunza kwamba laweza kuwa jambo la uhai na mauti.

Nilikuwa nimemsindikiza jirani mgonjwa katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, maana yaliyotokea humo hutokea kwingi. Kwenye benchi la idara ya dharura aliketi bibi kizee wa Kiborana, amempakata mjukuu wa umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, akihema kwa homa. Muuguzi akamwuliza, "Nyanya, mtoto amechanjwa?" Bibi akajibu bila kusita, "Amechanjwa, mwanangu. Wiki jana tu alidungwa sindano mbili." Muuguzi akaandika, akaendelea na kazi yake. Mtoto akatibiwa, homa ikashuka, na kulipopambazuka wakaruhusiwa kwenda zao.

Katika mazungumzo yetu pale bencheni ndipo nilipong'amua mambo, nami kwa aibu sikunena neno. Zile sindano mbili mtoto alidungwa katika duka la dawa, kwa ajili ya homa iyo hiyo. Chanjo alizowahi kupata ni zile za siku ya kuzaliwa. Baada ya hapo jamaa zake walihama kufuata malisho, na kliniki ikasahaulika.

Bibi yule hakusema uongo. Muuguzi naye hakukusudia kuzembea. Kilichowapotosha wote wawili ni lugha.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kuchanja, kwa asili, ni kukata au kupasua: twachanja kuni, na mganga huchanja ngozi akapaka dawa kwenye chale. Chanjo ya ndui ilipokuja, ikitiwa kwa kukwaruza ngozi ya mkono, neno hilo liliifaa barabara. Leo chanjo nyingi hutiwa kwa sindano, na dawa za maradhi hutiwa kwa sindano hiyo hiyo. Mtu asiyeelezwa tofauti ataona sindano, hataona kilichomo ndani yake. Zaidi ya hayo, chanjo ya polio ambayo mtoto hupewa akizaliwa ni matone ya mdomoni. Basi kuna sindano zisizo chanjo, na kuna chanjo zisizo sindano. Wasomali wana neno lao, tallaal, na Waoromo husema talaallii. Huenda bibi yule angeulizwa kwa neno la nyumbani kwake, jibu lingekuwa jingine.

Kwa nini jambo hili linihangaishe hata nikaliandikia gazetini? Kwa sababu kaunti ya Isiolo ina eneo la zaidi ya kilomita 25,000 za mraba, na katika sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 268,002 tu. Wengi wao ni wafugaji, wanaofuata mvua na nyasi pande za Merti, Garbatulla na Oldonyiro. Ratiba ya chanjo, kwa upande wake, haifuati mvua. Yamtaka mtoto afike kliniki akizaliwa, kisha akiwa na majuma 6, 10 na 14, halafu miezi 9 na miezi 18 kwa ajili ya surua. Mama mwenye mtoto mzima wa afya hawezi kulaumiwa kwa wepesi akisitasita kuikabili safari ndefu ya vumbi na jua. Lakini mtoto akishikwa na kichomi, akiungua kwa chai au akiharisha hata macho yakaingia ndani, safari hiyo hufungwa usiku huo huo. Kwa watoto wa namna hii, mlango wa dharura ndio mlango pekee wa hospitali wanaoujua. Kumtibu homa na kumrudisha nyumbani bila chanjo ni kumwokoa mtu majini kisha kumwacha ukingoni palipo na mamba.

Aidha, chumba chenyewe cha kungojea kina hatari yake. Kirusi cha surua huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, na miongoni mwa watu wasio na kinga, mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza wengine 12 hadi 18. Benchi la wagonjwa ni mahali ambapo mtoto asiyechanjwa angepaswa kukingwa kuliko kwingine kote.

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba mtoto mgonjwa hachanjwi. Sivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba maradhi madogo, kama mafua au homa kidogo, si sababu ya kuahirisha chanjo. Aliye mahututi atangojea apate nafuu, achanjwe kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Pili, kwamba dharura si mahali pa chanjo. Mbona basi aliyekatwa na panga hudungwa chanjo ya pepopunda, na aliyeumwa na mbwa hupewa ya kichaa cha mbwa? Tatu, kwamba chupa moja ya chanjo ya surua hutosha watoto 10, na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Muuguzi huona uchungu kuifungua kwa ajili ya mtoto mmoja. Uchungu huo naufahamu, hasa tukikumbuka uhaba wa chanjo ya kifua kikuu na ya polio uliovikumba vituo vingi nchini mwaka 2025. Hata hivyo, dozi 9 zikimwagika ni hasara ya fedha. Mtoto aliyerudishwa malishoni bila kinga yaweza kuwa hasara isiyolipika.

Historia ya jirani zetu ina funzo hapa. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi katika hospitali ya mji wa Merka, Somalia. Mnamo Oktoba 1977 alipanda gari lililowabeba wagonjwa wawili wa ndui ili kumwonyesha dereva njia, na safari hiyo fupi ikatosha kumwambukiza. Mtu huyu alifanya kazi hospitalini, lakini chanjo hakuwa nayo. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliikwepa kwa kuogopa maumivu. Mungu alimjalia akapona, na baadaye akatumikia kampeni ya chanjo ya polio hadi alipofariki mwaka 2013. Kuwa ndani ya hospitali, ndugu msomaji, si sawa na kukingwa.

Nini basi kifanyike? Sidai majengo mapya. Nadai swali jipya. Badala ya "Amechanjwa?", swali ambalo jibu lake la adabu ni "ndiyo", muuguzi aulize: "Kitabu chake cha kliniki kiko wapi? Mara ya mwisho alipelekwa kliniki akiwa mzima lini? Alipewa matone mdomoni? Alidungwa pajani akiwa mchanga?" Alitazame kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa kushoto, lakini asidhani kovu hilo ni shahidi wa chanjo nyingine zote. Pasipokuwa na kitabu wala kumbukumbu, mtoto ahesabiwe hajachanjwa. Kurudiwa dozi hakumdhuru. Maswali haya yaandikwe kwa Kiborana, Kisomali, Kisamburu, Kiturkana na Kimeru, yabandikwe ukutani. Na mama aongozwe hadi chumba cha chanjo siku hiyo hiyo. Asiambiwe arudi Jumatatu, kwa maana Jumatatu atakuwa mbali na mbuzi wake.

Nasi wazazi tukiweke kitabu cha kliniki pamoja na kitambulisho, ili usiku wa dharura kisisahaulike.

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kuuliza vibaya kwaweza kuua. Yule mjukuu wa bibi sijui yuko wapi leo. Naomba tu kwamba alipopelekwa tena hospitalini, alikuwapo mtu wa kuuliza vizuri.