Farasi Anaposema, Mtoto Hujifunza Nini?

Mwanao akikuuliza kama farasi anaweza kusema, usikimbilie kumjibu kuwa huo ni upuuzi. Katika hadithi za watoto, farasi hupewa ulimi ili tumsikie yule ambaye siku zote hutumwa tu.

Visiwani kwetu jambo hili si geni. Mwaka 1901 George W. Bateman alichapisha mjini Chicago ngano za Unguja. Katika mojawapo, mwana wa sultani yumo mikononi mwa mchawi, na anayemfumbulia siri ni farasi aliyefungwa katika makao hayo hayo. Mfungwa akamwokoa mfungwa mwenziwe.

Mwaka 1954 C. S. Lewis, mwandishi aliyeishi Uingereza, alitoa kitabu The Horse and His Boy. Farasi Bree aliibwa angali mchanga, akatumikishwa vitani huku akificha kuwa anajua kusema. Alipokutana na Shasta, kijana aliyekuwa karibu kuuzwa, walikubaliana kutoroka, lakini kwa sharti: kijana asiguse hatamu! Tazama hata jina la kitabu: farasi ndiye mwenye kijana.

Hata hivyo, Bree ni mwenye majivuno. Simba alipowafukuza wenzao, yeye alizidi kutimua mbio. Shasta ndiye aliyeruka chini na kurudi kuwasaidia. Ndipo Bree alipoona haya. Mtoto hujifunza hapo kwamba maneno bila matendo ni debe tupu.

Lakini mzazi, fumbua macho. Watu wa Calormen, nchi ya kusini katika kitabu hicho, wana ngozi nyeusi na vilemba, na wengi wao wamechorwa kuwa wakatili. Watu weupe wa kaskazini ndio wapenda uhuru. Wahakiki wamekilaumu kwa sababu hiyo. Yupo Aravis, binti jasiri wa Calormen, lakini mmoja hatoshi kuwasemea wote. Mwandishi aliyempa farasi heshima yake ameinyima jamii nzima ya binadamu heshima hiyo.

Je, tukifiche kitabu? La. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kisome pamoja na mwanao, kisha muulize: nani amepewa nafasi ya kusema hapa, na nani amesemewa na wengine? Mtoto aliyezoea swali hilo hatapokea kila kitabu kwa kichwa kilichoinama.