Kabla Hujabeba Gemu la Zamani Kurudi Nalo Nyumbani

Kila mitihani ikiisha, watu wakianza kufunga mabegi, lazima mmoja anifuate: "Bwana, nimepata Sega kwa bei poa, nibebe?" Wanajua nina kabati zima la mashine za gemu za kizamani na wengine wananiona mtoto, sawa tu. Jibu langu siku zote ni beba, lakini kwanza nionyeshe adapta yake. Leo nataka nieleze kwa nini naanza na adapta wala siyo mashine yenyewe.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa familia moja pale Al-Hamra, Jeddah, miaka ya 1990. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 1998, watoto wa kafili wake walikuwa wameshahamia kwenye PlayStation, wakampa Super Famicom yao na katriji tatu. Ilipofika Tanga, mtaa mzima ulijaa sebuleni kwetu. Kaka akachomeka ukutani. Taa nyekundu ikawaka, picha ikaja nyeusi na nyeupe, tukashangilia hivyo hivyo. Haikufika dakika tano, adapta ikaanza kunuka, kisha kimya. Fundi redio akaleta adapta nyingine, plagi ikaingia vizuri kabisa, mashine haikuwaka tena. Mjomba alisemwa sana siku ile, kwamba Waarabu wamempa kitu kibovu. Kitu kilikuwa kizima. Sisi ndio tulikiua, tena mara mbili.

Tuanze na kifo cha kwanza. Super Famicom ilitoka Japani mwaka 1990, na umeme wa nyumba za Japani ni volti 100. Adapta yake imetengenezwa kwa volti hizo. Saudia kwa miaka mingi nyumba zilikuwa na volti 127 kwa vifaa vidogo, na 220 kwa viyoyozi na vitu vizito. Mwaka 2010 serikali iliamua kuhamia volti 230 hatua kwa hatua, ndiyo maana katika majengo ya zamani ulikuwa unaweza kukuta plagi za aina mbili chumba kimoja. Kwa hiyo kule Al-Hamra ile adapta ya volti 100 ilikuwa inakula 127, inapata moto kidogo, lakini inavumilia. Tanzania ni 230. Kenya ni 240. Hapo hakuna uvumilivu tena.

Na si volti peke yake. Umeme wa Saudia unapiga mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50. Adapta zile nzito za zamani zina transfoma ya chuma ndani, na transfoma iliyotengenezwa kwa 60 tu ikipewa 50 inapata joto zaidi hata kama volti ziko sawa. Wewe uliyeko Marekani, ambako umeme ni volti 120 kwa mapigo 60, maneno haya yanakuhusu kuliko hata sisi wa Saudia. Aliyeko Uingereza ana nafuu, volti zake na mapigo ni kama ya nyumbani, hata plagi yake ni ile ile ya miguu mitatu.

Dawa yake ni rahisi: soma kibandiko. Kikisema INPUT 100V au 120V, nyumbani utahitaji transfoma ya kushusha umeme, lile sanduku zito linalouzwa na mafundi. Kikisema 100-240V 50/60Hz, chomeka popote. Au nunua adapta mpya inayotoa umeme sawasawa na unaotakiwa na mashine yako.

Lakini hapo kwenye "sawasawa" ndipo kilipotokea kifo cha pili. Adapta aliyoleta fundi wetu ilikuwa na volti zinazokaribia, ila waya chanya ulikuwa katikati ya plagi. Super Famicom inataka hasi katikati, chanya nje. Mega Drive ya kwanza ya Sega nayo ni hasi katikati, lakini Mega Drive 2 ni chanya katikati! Kampuni moja, jina moja, tofauti kabisa. NES ya Marekani ndiyo balaa zaidi, adapta yake inatoa umeme wa AC wa volti 9, wakati Super Famicom inakula DC. Ukichanganya hizo unapika mashine. Kwenye kibandiko kuna mchoro mdogo wa duara na alama za kujumlisha na kutoa. Jamani, angalieni ule mchoro.

Kuhusu picha kukosa rangi, hiyo haikuwa ubovu. Mashine ya Japani inatoa picha ya NTSC na TV yetu ilikuwa ya PAL peke yake. TV nyingi za Ghuba zilikuwa zinasoma mifumo yote, kwa hiyo kule mjomba hakuliona tatizo.

Sasa niseme juu ya hewa, maana nimekaa Al-Hamra mbili. Nilisoma shahada ya kwanza Jeddah, kisha nikahamia Riyadh, na huku pia kuna mtaa unaitwa Al-Hamra, upande wa mashariki ya mji. Jina moja, lakini kwa mashine ya umeme ni dunia mbili. Al-Hamra ya Jeddah iko ufukweni Bahari ya Shamu. Ukisimama kwenye kornishi unaliona chemchemi la Mfalme Fahd likirusha maji ya bahari angani zaidi ya mita 250. Hewa yake ni ya chumvi na unyevu, chuma kinashika kutu, pini za katriji zinabadilika rangi, na CD zinaota kuvu kama hukuwa makini. Riyadh iko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya jangwa. Kutu ni kidogo, lakini vumbi! Likiingia kwenye feni ya PlayStation 2 linaziba, mashine inachemka, na likikaa kwenye jicho la leza CD hazisomeki tena. Kiangazi joto linapita nyuzi 45, na ndani ya gari lililofungwa ni zaidi ya hapo. Usiache gemu garini hata kwa swala moja.

Kwetu pwani, yaani Tanga, Mombasa, Unguja na Dar, hewa ni ndugu ya Jeddah. Kwa hiyo hifadhi kama mtu wa Jeddah: boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vile vipakti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Msivitupe, ni mali.

Na ile tabia yetu ya kupuliza katriji, tuache. Wote tumefanya, najua. Kinachosaidia ni kule kuchomoa na kuchomeka upya, pini zinasuguana na kugusana vizuri. Pumzi yako yenyewe ina maji, na maji juu ya shaba ni kutu ya kesho. Tumia pamba ya masikio na spiriti safi, ile isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, sugua pini mpaka pamba itoke nyeupe, acha ikauke kabisa. Katriji za Nintendo zina skrubu za ajabu zinazohitaji bisibisi ya milimita 3.8. Ni riyali chache tu, nunua, kwa sababu hiyo bisibisi pia ndiyo itakayokuonyesha feki. Ukifungua ukakuta bodi haina jina la Nintendo, na katikati kuna tone jeusi la gundi badala ya chipu zenye miguu, hiyo mara nyingi ni nakala. Nimeuziwa mbili hivyo kwenye mtumba nikinunua kwa haraka, lawama ni yangu.

Ukiwa Saudia kuna vitu ambavyo mwenzako wa London hatavipata kirahisi. Kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait iliuza kompyuta za Sakhr miaka ya 1980, za mfumo wa MSX, zenye herufi za Kiarabu na tundu la katriji. Modeli yao ya AX-990 iliunganisha MSX na Mega Drive kwenye sanduku moja. Sijawahi kuimiliki, nikiipata sitamwambia mtu. Riyadh ndiko anakotoka Ibrahim Al-Nasser, aliyeingia Guinness World Records mwaka 2024 kwa kuunganisha mashine 444 za gemu kwenye TV moja. Na hii ndiyo nchi iliyopiga marufuku magemu na kadi za Pokémon mwaka 2001. Mwaka 2025 kampuni ya Scopely, ambayo ni mali ya Savvy ya hapa hapa Riyadh, ilinunua Pokémon Go. Dunia hiyo.

Nirudi Tanga. Miaka mitatu iliyopita niliishusha ile Super Famicom darini nikaifungua. Ndani yake kuna fyuzi ndogo ya ampea 1.5, umbo lake kama rezista, rahisi kuipita bila kuiona. Ilikuwa imekatika. Ilijitoa mhanga siku ile adapta ya fundi ilipoingia kinyume, mashine nyingine nzima ikapona. Miaka zaidi ya 20 tumemsema mjomba kwa ajili ya fyuzi! Nililehemu nyingine, nikatafuta adapta ya kweli, mashine ikawaka.

Kati ya zile katriji moja ni Super Mario World. Katriji ya aina hii inahifadhi gemu kwa betri ya CR2032, ile bapa ya volti 3, imelehemiwa kwenye bodi. Betri ikifa, kumbukumbu inafutika, na ukiichomoa tu pia inafutika. Nilidhani imekufa zamani. Nikawasha, faili A likaonyesha 96, maana yake kuna mtu alishapita milango yote 96 ya gemu lile. Ni watoto wa Al-Hamra hao, mwaka 1998 au kabla. Kwetu hakuna aliyewahi kufika hata daraja la tatu.

Nikapima betri, ilikuwa inakaribia kuchoka. Fundi wa haraka angeichomoa palepale. Mimi nilisubiri miezi minne mpaka nilipopata kifaa cha kusomea katriji, kinachomekwa kwenye kompyuta kwa USB. Nikanakili kumbukumbu, ndipo nikabadilisha betri, nikairudisha kumbukumbu ndani. Kama unanunua katriji ya namna hiyo kwa mtu, muulize kwanza kama anataka kilichomo. Wengine wanacheka. Mmoja pale Riyadh alinyamaza, akaniomba nimrudishie katriji na pesa akanipa.

Mashine sasa iko kwa kaka Tanga, faili A halijaguswa, wanawe wanacheza kwenye C. Transfoma iko chini ya meza. Juu ya adapta nimebandika karatasi yenye maandishi makubwa: VOLTI 100. USICHOMEKE UKUTANI. Mjomba alipokuja sikukuu aliisoma kwa sauti, mara mbili, akimwangalia kaka.