Je, Wajua? Masokwe wa Wino Mweusi

Je, wajua kwamba jarida la katuni la Planet of the Apes, la kampuni ya Marvel ya Marekani, lilianza wakati sinema zenyewe zimeshakwisha? Filamu ya kwanza ilitoka 1968, ya tano, iliyofunga mfululizo huo wa awali, 1973. Toleo la kwanza la jarida lina tarehe ya Agosti 1974. Karamu imekwisha, masufuria yanasuguliwa, ndipo Marvel wanapiga hodi.

Wajua kwamba hawakupiga hodi bure? Mwezi uliofuata televisheni ya CBS ilianza kurusha mchezo wa masokwe hao hao. Mchezo ulizimwa kabla mwaka haujaisha. Jarida likadumu hadi Februari 1977, matoleo 29.

Na kwamba chimbuko la yote ni Ufaransa? Pierre Boulle alichapisha riwaya yake 1963. Kifaransa humwita nyani singe, na sokwe naye singe. Ndiyo maana tafsiri iliyouzwa Uingereza ilipewa jina la Monkey Planet. Sisi hatuna kisingizio. Nyani ana mkia, hawa hawana. Wanaosema "Sayari ya Nyani" wajirekebishe.

Kwa nini kurasa za jarida hazina rangi? Wengi hudhani ni ubahili, na bei nafuu ilichangia kweli. Lakini tangu 1954 vitabu vya katuni vya Marekani vilipitia kwa wakaguzi wa maadili waliochuja damu na vitisho. Majarida makubwa ya rangi nyeusi na nyeupe hayakuguswa na kanuni hiyo. Marvel wakaupenya mlango huo, na wachoraji wakapata uhuru wao.

Wajua kwamba katika jarida Taylor, mwanaanga wa filamu ya kwanza, hafanani na Charlton Heston aliyemwigiza? Marvel hawakuwa na ruhusa ya kutumia sura yake. George Tuska akachora mwanamume mwingine kabisa. Filamu ya pili akaichora Alfredo Alcala, Mfilipino ambaye hakuacha kona ya ukurasa bila vistari vyake vyembamba. Ukizitazama kurasa hizo kwa karibu utajiuliza mkono wake ulipumzika saa ngapi.

Wajua kwamba karibu hadithi zote ziliandikwa na mtu mmoja? Doug Moench. Katikati ya kazi hiyo, 1975, akashirikiana na mchoraji Don Perlin kumbuni shujaa wa katuni Moon Knight.

Utamu wa jarida, kwa maoni yangu, haumo katika sura zilizonakili filamu. Umo katika hadithi ambazo Moench alizitunga mwenyewe. Katika "Terror on the Planet of the Apes", aliyoianza na mchoraji Mike Ploog, kijana wa kibinadamu, Jason, na rafiki yake sokwe, Alexander, wanaishi katika mji ambamo watu na masokwe ni majirani. Usiku magorila waliofunika nyuso wanawaua wazazi wa Jason. Kiongozi wao ni Brutus, ambaye mchana ndiye mlinzi wa amani wa mji huo huo. Kikulacho ki nguoni mwako! Msomaji wa Marekani wa miaka ile hakuhitaji kuambiwa vinyago vile vinafanana na vya nani.

Halafu kuna "City of Nomads", iliyochorwa na Tom Sutton: meli kubwa kama mji, inaelea baharini na wakazi wake wote. Hakuna filamu hata moja kati ya zile tano iliyothubutu kuwaza hivyo.

Kituko kikubwa kilitokea Uingereza. Kule jarida lilitoka kila wiki likitumia kurasa za Marekani, na Marekani ilitoa la mwezi. Bila shaka kurasa zikaisha. Mwaka 1975 wahariri wakachukua hadithi za Killraven, shujaa anayepigana na wavamizi kutoka Mirihi, wakapachika vichwa vya masokwe juu ya maadui, wakabadili maneno kwenye viputo, na shujaa akaamka asubuhi anaitwa Apeslayer. Jarida hilo la Uingereza lilifikisha matoleo 123.

Wajua nini kilifuata Marekani? Miezi michache tu baada ya jarida la masokwe kufungwa, Marvel walitoa katuni ya Star Wars. Hiyo ilifika toleo la 107, mwaka 1986.

Jason na Alexander hawakupata bahati hiyo: jarida lilifungwa kisa chao hakijamalizika. Kampuni ya Boom! ilikikusanya upya 2017 katika kitabu kimoja. Ukikutana nacho, kisome, ila usitafute mwisho. Haupo.