Uraia Mwema wa Kampuni Hauanzi na Unga wa Msaada

Kila Ramadhani napigiwa simu nikashuhudie kampuni fulani ikigawa unga na mafuta ya kupikia. Picha zinapigwa, mabango yanakunjwa, watu wanarudi makwao. Sikatai, sadaka ni sadaka. Ila uraia mwema wa kampuni ni jambo jingine: ni ujirani. Jirani mwema, kabla hajakuletea futari, hutazama moshi wake unaingia dirisha la nani.

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, kifungu cha 143, inamtaka mkurugenzi anapoamua jambo azingatie pia wafanyakazi, wateja, wanaomuuzia bidhaa, jamii na mazingira. Hao ndio wadau, si wenye hisa peke yao.

Tazameni Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hadi pakabaki jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller, mwajiriwa wa kampuni hiyo, akaanza kupanda mivinje mle machimboni, kisha akaleta majongoo wale majani makavu yageuke mboji. Leo ndiyo Haller Park, watoto wetu huenda kulisha twiga.

Hapa hapa Mombasa kuna Owino Uhuru. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakaazi sumu ya madini ya risasi mwilini, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwenye rufaa.

Nikialikwa tena, nitauliza kwanza majitaka ya kiwanda yanamwagwa wapi, ndipo niulize unga ni magunia mangapi.