Kanga za Bibi Zisipotee: Kutunza Urithi wa Nguo Miono



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, tunasoma habari za Tabitha wa Yafa, aitwaye pia Dorkasi. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha mavazi aliyowashonea alipokuwa pamoja nao. Nguo zile zilikuwa ushahidi wa upendo wake, nao wajane ndio walioweza kueleza kila moja ilitoka wapi.

Huku Miono, kama ilivyo katika vijiji vingi kati ya Mandera na Saadani, bado wako bibi wenye sanduku la kanga. Ipo aliyopewa siku ya harusi, ipo ya kujifungua mtoto wa kwanza, ipo aliyoivaa msibani kwa mumewe. Bibi akifariki, ndugu hugawana nguo. Zilizo nzima huvaliwa, na zilizochakaa huwa matambara ya jikoni. Mara nyingi hakuna aliyeuliza habari zake. Makala hii inaeleza kwa nini tuulize sasa, na jinsi kikundi cha parokia kinavyoweza kuifanya kazi hiyo.

Kanga ilitoka wapi?

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Pwani walinunua leso za mraba zilizouzwa zikiwa bado jora. Neno "leso" lenyewe limetokana na Kireno. Walikata vipande vya leso tatu tatu, wakaunga viwili pamoja, wakapata vazi la leso sita. Baadaye wafanyabiashara waliagiza vitambaa vilivyochapwa vikiwa vizima. Ndipo ikapatikana kanga tunayoijua: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Maneno hayo yalianza kuandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja za Kirumi. Kanga zilichapwa India, Uingereza, Uholanzi na Japani. Baada ya uhuru zilichapwa hapa nchini pia, kama katika kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1968.

Vazi la watu huru

Kwetu tunaoishi jirani na Bagamoyo, historia hii ina uzito wa pekee. Watumwa walivaa merikani, kitambaa cha pamba kisicho na pambo kilicholetwa kutoka Marekani, au kaniki, yaani kitambaa cha namna hiyo kilichotiwa rangi nyeusi ya nili. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Unguja, wanawake waliotoka utumwani waliacha kaniki wakavaa kanga za rangi. Walitaka aonaye ajue kwamba hawana bwana tena.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawapokea watu waliokombolewa kutoka utumwani, na mwaka 1881 wakafungua misioni ya Mandera, jirani zetu. Vitabu vya misioni vinatuhifadhia majina ya ubatizo ya watu hao. Lakini wengi wao hawakuacha maandishi yao wenyewe. Jinsi mwanamke alivyochagua kuvaa ni sehemu ya ushuhuda wake.

Kinachopotea ni nini?

Mtu anaweza kusema, "Kanga zinauzwa kila duka, zitapoteaje?" Ni kweli, kitambaa kinapatikana. Hata huko Uholanzi, viwanda vilivyochapa kanga kwa soko letu vilitunza sampuli za michoro. Ila sampuli haiwezi kusema nani alimpa nani, siku gani, na kwa nini. Jina la kanga ni fumbo. Maneno yale yale, mama akimpa binti ni usia, na jirani akiyavaa kupita mlangoni kwa jirani ni ugomvi. Maana hiyo iko kwa mvaaji, na akiondoka anaondoka nayo.

Majirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia. Nguo yao ya magome ya mti wa mutuba ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005, ikaingia katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Kilichoorodheshwa ni ufundi wenyewe wa kuitengeneza, ambao mafundi wa ukoo wa Ngonge wameurithishana kwa vizazi.

Kikundi kifanye nini?

Kwanza, kiwe cha wote. WAWATA na jumuiya ndogondogo waanzishe, lakini akina mama Waislamu waalikwe tangu siku ya kwanza, maana kanga ni ya Pwani nzima.

Pili, kiulize. Vijana, na waseminari wakiwa likizo, waende wawili wawili kwa bibi, waombe ruhusa, warekodi kwa simu. Maswali ni mepesi: Nani alikupa? Uliivaa lini? Jina lilimlenga nani? Kanga ibaki kwa mwenyewe. Habari inayoweza kumwaibisha aliye hai isitangazwe.

Tatu, kiandike. Kila kanga ipewe namba katika daftari, pamoja na picha ya kanga nzima na ya jina, na masimulizi yake kwa maneno ya bibi mwenyewe.

Nne, kitunze. Kanga kuukuu ifuliwe taratibu kwa mkono, ikauke kabisa kivulini, kwa sababu jua kali hupausha rangi. Isifungwe kwenye mfuko wa plastiki unaoshika unyevu, bali izungushiwe kitambaa safi cha pamba. Afadhali iviringishwe kuliko kukunjwa, kwani mkunjo wa siku zote ndipo kitambaa kinapokatikia.

Tano, kifundishe. Siku ya somo wa parokia, baada ya Misa, kanga zitandazwe ukumbini na bibi wenyewe wazieleze mbele ya wajukuu.

Neno kwa waseminari

Katika waraka wa Ecclesia in Africa wa mwaka 1995, Mtakatifu Yohane Paulo II alihimiza utamadunisho, yaani Injili kutia mizizi katika maisha ya watu. Hatuwezi kutamadunisha tusichokijua. Padri atakayewazika watu hawa na kuwafariji wajane wao anahitaji kujua nguo ile iliyowekwa juu ya jeneza ina maana gani kwa waliokaa mkekani.

Tusisubiri mradi wala mfadhili. Likizo ijayo, keti na bibi yako, mwombe afungue sanduku, uanze na kanga moja.