Duka Likifungwa, Mtaji Huliwa

Ndugu wafanyakazi, wapo wanaosema kwamba habari za Korona ni za zamani. Lakini wauzaji wa rejareja wa Kigali walioanza upya na deni shingoni hawawezi kusema hivyo. Yafaa tueleze kwa utaratibu mambo yaliyotokea, ili dhiki nyingine isitukute tumelala.

Mgonjwa wa kwanza nchini Rwanda alitangazwa tarehe 14 Machi 2020. Wiki moja baadaye, tarehe 21 Machi, Serikali iliamuru watu wakae nyumbani. Mipaka ilifungwa, isipokuwa kwa mizigo na raia waliorejea. Wauza vyakula na dawa waliendelea, lakini wenye nguo, viatu na vyombo walifunga mpaka tarehe 4 Mei. Mwezi Agosti 2020 soko la Nyarugenge na lile la Kwa Mutangana, Nyabugogo, yalifungwa baada ya wagonjwa kuonekana miongoni mwa wafanyabiashara. Jiji lilifungwa tena mwezi Januari 2021 mpaka tarehe 8 Februari, na mara nyingine mwezi Julai 2021 pamoja na wilaya nane.

Je, kwa nini hasara ilizidi siku zenyewe za kufungwa? Tuchukue mfano wa kufikiri. Mama mwenye meza ya nguo ana mtaji wa faranga 200,000. Kila siku hutumia faranga 3,000 kwa chakula na kodi ya nyumba, nazo hutoka katika mauzo. Mauzo yakisimama siku 43, tumbo halisimami. Atakuwa amekula faranga 129,000 za mtaji wake. Siku ya kufungua anabaki na faranga 71,000, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya bidhaa alizokuwa nazo. Faida nayo inapungua vivyo hivyo, lakini watoto wanakula kama zamani. Basi anakopa, na faida ndogo inakwenda kulipa riba. Huu ndio mtego wenyewe.

Takwimu za Taifa zilionyesha kwamba ukosefu wa kazi ulipanda kutoka asilimia 13.1 mwezi Februari 2020 hadi asilimia 22.1 mwezi Mei, kisha ukashuka hadi asilimia 16 mwezi Agosti. Lakini tuzisome kwa makini. Mama yule aliyerudi na theluthi ya meza yake huhesabiwa kuwa ana kazi.

Mwezi Juni 2020 Serikali ilianzisha mfuko wa kufufua uchumi wenye faranga bilioni 100. Fedha zilipitia kwenye benki na taasisi nyingine za fedha, nazo hutaka hesabu zilizoandikwa. Mwenye kuweka hesabu kichwani alikuwa na kazi ngumu ya kujieleza.

Jambo jingine ni fedha za simu. Mwezi Machi 2020 Benki Kuu ilitangaza kuondolewa kwa ada za kutuma fedha kwa simu kwa miezi mitatu, ili watu wasipeane noti mkono kwa mkono. Baadaye ada zilirudi, lakini desturi ilibaki. Leo hata muuza nyanya hulipwa kwa simu. Jambo hili lina faida, kwani kila malipo huacha kumbukumbu, na kumbukumbu ni ushahidi mbele ya mkopeshaji. Lakini ada nayo ni gharama, na lazima ihesabiwe katika bei.

Tusiwasahau wasaidizi wa madukani na makarani-ngufu wanaobeba mizigo. Wengi waliambiwa tu, "Usije kesho." Hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba waliajiriwa. Hali sheria ya kazi ya mwaka 2018 hairuhusu mkataba wa mdomo kuzidi siku 90 mfululizo, na inamlinda hata mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika mshahara, likizo, usalama kazini na kujiunga na chama. Lakini haki isiyoandikwa ni rahisi kukanwa, na mnyonge akidai peke yake husikilizwa mara chache.

Kwa hiyo yako mambo matatu ya kufanya. Kwanza, kila msaidizi adai mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja. Pili, kila mwenye meza atenge fedha za chakula mbali na mtaji, na aandike mauzo ya kila siku. Vikundi vya akiba tunavyoviita ibimina vinafaa kwa dharura. Mpango wa Ejo Heza, ulioanza Desemba 2018, unafaa kwa uzeeni. Tatu, tujiunge na chama. Mwaka 2020 kila mmoja alifunga mlango wake akala mtaji wake peke yake. Tusingoje mlango ufungwe tena ndipo tuanze kutafutana.